Kombe Lenye Chumvi

Naima Shomari aliinywa kazi yake ya miaka minne asubuhi ya Ijumaa, kwa mafunda matatu, akiwa amesimama jikoni kwao Kawe na viatu vya kutokea tayari vimo miguuni. Akasema Alhamdulillah, akarudisha kikombe. Hakujua, na hilo ndilo jambo pekee la kumtetea.

Kikombe alipewa na shangazi yake, Bi Hamisa, aliyemlea tangu ana miaka sita. Katika nyumba ile Bi Hamisa akikupa kitu cha kunywa, unakunywa kwanza, maswali baadaye, na maswali yenyewe yawe na adabu.

“Kombe hili lina chumvi, shangazi,” Naima alisema, akijifuta midomo kwa kiganja.

“Wewe umeona wapi dawa tamu? Nimelitilia na marashi ya waridi ili literemke. Leo si ndiyo siku yako?”

Ilikuwa siku yake kweli. Na kombe hakulianza leo. Tangu utoto wake Maalim Twaha alikuwa akiandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akiziosha kwa maji, na maji yale yakiletwa nyumbani ndani ya chupa ili mtoto anywe afaulu. Alinywa la darasa la saba, la kidato cha nne, la kidato cha sita, na mara zote tatu alifaulu. Bi Hamisa alikuwa na takwimu zake mkononi, na msomi mwenye shahada mbili hakuwa na hoja ya kuzipangua.

Ndipo Naima akafungua friji.

Nyuma ya trei ya mayai, pale alipoiweka jana jioni chupa yake ndogo ya kioo, palikuwa na limau moja na nusu kitunguu. Akasogeza mayai. Akainama akatazama rafu ya chini. Alipoinua kichwa akaiona chupa imepinduliwa kwenye chanja cha vyombo, imeoshwa kwa sabuni, inang'aa.

“Shangazi,” alisema polepole, “kilichokuwemo humu kiko wapi?”

“Si umeshakinywa.”

Hapa tuseme ukweli: kosa lilikuwa la wawili. Jana umeme ulikatika kazini na friji ya huko ikaanza kupata joto, basi Naima akaichukua chupa kuja nayo nyumbani. Aliifunga kitambaa cheusi kwa kuwa haikutakiwa kupigwa na mwanga, akaiingiza kwenye friji kwa bismillah mbele ya shangazi yake, akasema, “Hii isiguswe, ni ya kesho, bila hii mie sina changu.” Bi Hamisa naye alikuwa amemwagiza Maalim Twaha kombe tangu Jumatatu na alikuwa analisubiri. Chupa ndogo, kitambaa cheusi, bismillah, ya kesho, na maji ya zambarau yaliyokolea. Adhanie nini, juisi ya rozela?

“Nikajua Maalim kakupa mkononi,” alisema Bi Hamisa, na sauti yake ilishaanza kupungua. “Nikasema safari hii katia wino wa nguvu.”

“Si wino ule. Ni vijidudu vya mabwawa ya chumvi ya Kunduchi. Nimevifuga, nimevipasua, nimevichuja. Miaka minne, shangazi.”

“Nimekunywesha wadudu?”

“Umeninywesha shahada yangu.”

Naima hakuwa mtu wa kupaza sauti, sembuse kwa mkubwa wake. Asubuhi ile alipaza, mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri. Alisema umenimaliza. Alisema siku zote unajua wewe, unajua wewe. Alisema maneno mengine ambayo hata mimi msimuliaji naona haya kuyarudia, kisha akauliza, “Ndiyo hata kijiko kimoja hukubakisha?”

Bi Hamisa akashika pindo la kanga yake, akalizungusha kidoleni. “Lipo bakuli,” alisema mwishowe. “Kombe halimwagwi. Lililobaki nimelifunika, jioni ujipanguse uso.”

Ndiyo desturi. Maji yaliyopita juu ya maneno ya Mungu hayapelekwi kwenye mtaro pamoja na maji ya sufuria. Chini ya kawa, ndani ya bakuli la kaure, mlikuwa na kama vikombe viwili vya maji yaliyopauka, yananukia waridi nyumba nzima, zambarau yake imebaki jina tu. Bi Hamisa alikuwa ameyaongeza maji mengi kwa ukarimu. Naima akayamimina kwenye chupa safi, asipoteze hata tone, akatoka.

Kila siku kabla ya kutoka humbusu shangazi yake mkono, na Bi Hamisa humwambia, “Nenda, radhi nakupa.” Siku ile mlango ulibamizwa tu.

Huenda mtu akashangaa kwa nini mwanamke mwenye akili zake alipanda bodaboda kwenda Wazo akikumbatia maji ya waridi kifuani. Jibu liko Kunduchi. Maji ya bahari yakiachwa juani kwenye mabwawa ya chumvi, siku chache kabla chumvi haijaganda huwa mekundu. Wavunaji wote wanajua, na marehemu babake Naima alikuwa mmoja wao: ukiona wekundu, noa sepeto. Wasichokijua ni kwamba wekundu ule uko hai. Ni vijidudu vipendavyo chumvi, na kwenye ngozi ya kila kimoja zimo protini zinazodaka mwanga. Katikati ya protini umekaa uzi mdogo unaotokana na vitamini A, ile ile ya karoti na mapapai. Mwanga ukiugusa, uzi hujipinda, na protini nzima huamka ikaanza kazi yake ya kuvuta chumvi.

Hujipinda kwa kasi gani? Chukua sekunde moja uigawe vipande milioni. Chukua kipande kimoja, nacho ukigawe vipande milioni. Uzi ule huanza na kumaliza ndani ya kimoja au viwili vya hivyo. Naima alipoambiwa jambo hilo kwa mara ya kwanza, chuoni, aliacha kuandika. Babake alisimama ndani ya maji yale miaka ishirini, magoti yamechubuka kwa chumvi, na muda wote huo mabilioni kwa mabilioni ya nyuzi yalikuwa yakijipinda kando ya miguu yake bila mtu kuona. Tangu siku ile alitaka kuona. Kusoma habari zake hakukumtosha, alitaka aone kwa chombo chake mwenyewe, kwa maji ya kwao.

Chombo kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya godauni la zamani la akina Remtulla, kando ya barabara wanayopita malori ya saruji. Dokta Raza Remtulla, mwalimu wa fizikia mwenye miaka hamsini na minane, alirithi godauni hilo likiwa limejaa mbao na popo, akalisafisha, akaliziba madirisha, akaazima leza kwa watafiti wenzake wa Ulaya. Katikati aliweka meza ya chuma nzito kuliko gari dogo, na juu yake vioo arobaini na vitatu. Naima alivijua vyote, na vingine alivipa majina.

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba. Mbona unanukia harusi?”

Naima akamweleza. Dokta Raza alisikiliza hadi mwisho, akakaa kitako kwenye kiti, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha macho yake yakaangukia sanduku kubwa la mbao lililoegemea ukuta, na kicheko kikamwisha.

Sanduku lile lilikuwa la leza. Wenye mali walishasema: miezi minane mmetutumia makelele matupu, ikifika Ijumaa hii saa tisa alasiri bila hata mstari mmoja safi, Jumatatu mashine inafungwa inarudi. Walilisema kwa upole sana, na sanduku walilileta mapema.

Makelele yalikuwa ya malori. Kazi ilikuwa hivi: mmweko wa kwanza wa leza unaiamsha protini, mmweko wa pili unakuja nyuma yake kuitazama imefikia wapi. Ili huo wa pili uchelewe kidogo, kuna kioo kinachosogezwa nyuma juu ya reli, nao mwanga unalazimika kwenda mbali zaidi. Kioo kinasogea kwa hatua nyembamba kuliko unywele. Sasa lori la tani thelathini likipita nje, kioo kinatikisika, na nukta zote kwenye skrini zinaruka kama bisi kwenye sufuria. Walijaribu mchanga, wakajaribu mipira, wakajaribu magodoro. Lori halikujali.

Wiki tano zilizopita Naima ndiye aliyegundua. Alikuwa anapitia vipimo vya zamani, akaona kwenye kimoja mahali patulivu kabisa, kama saa nzima, akadhani mashine ilizimika. Akatazama tarehe. Ijumaa. Akatazama kingine cha Ijumaa, utulivu ule ule, kuanzia kama saa sita na dakika arobaini. Madereva wote walikuwa msikitini. Malori yalikuwa yameegeshwa pembeni mwa barabara, yamezimwa, yanasubiri wenyewe wamalize kuswali. Dokta Raza alipoambiwa alimkumbatia kijana muuza chai aliyekuwa karibu, maana kumkumbatia Naima isingekuwa adabu.

Tangu hapo wiki nzima ya godauni ilizunguka saa moja. Ijumaa ya kwanza umeme haukuwepo. Ya pili pampu ya maji ya kupozea ilikufa. Ya tatu protini ilioza. Ya nne Naima alikuwa na homa, akaja hivyo hivyo, mikono ikamtetemeka akavunja kioo cha thelathini na moja. Ya tano ndiyo hii.

“Tuyazungushe,” alisema Dokta Raza, akionyesha mashine ya kuzungushia vichupa. “Kilichomo kitashuka chini, waridi litabaki juu. Tutapata tutakachopata.”

Walizungusha saa mbili. Chini ya vichupa kukabaki doa dogo la zambarau, kama la hina kwenye ncha ya kidole. Naima alilichota lote kwa bomba dogo, akalirudisha kwenye maji ya chumvi, akalitia kwenye kisanduku chembamba cha kioo kinachokaa mbele ya leza. Alipokiinua kwenye taa hafifu, aliweza kuona vidole vyake upande wa pili. Ilikuwa nyepesi mno. Dokta Raza naye aliona.

Saa sita na nusu adhana ilishatoka. Lori moja likanyamaza, la pili, mengine. Kisha ukaja ule ukimya ambao Naima alikuwa ameanza kuupenda kuliko muziki wowote. Nukta kwenye skrini zikatulia.

“Wewe hukwenda, Dokta?”

“Mimi nitasali adhuhuri yangu hapa hapa tukimaliza. Mungu anaijua foleni yangu. Anza.”

Akaanza. Kioo kilisogea hatua kwa hatua, na kwa kila hatua nukta moja ilijichora. Ishirini. Arobaini. Zilikuwa tulivu, zimejipanga vizuri kabisa, na zilikuwa bapa. Naima alisubiri zipande. Kwenye hamsini aliona kama kijimwinuko, moyo ukamruka, halafu nukta tatu zilizofuata zikaukana. Mpaka mwisho wa safari ule mstari ulikuwa sakafu. Walikuwa na saa ya ukimya, walikuwa na mashine inayofanya kazi, na hawakuwa na kitu cha kupimia. Sehemu kubwa ya kitu hicho ilikuwa tumboni kwa Naima, inasagwa pamoja na vitumbua.

Saa saba na dakika tano. Alijikuta analia, na hakujua kama analilia protini au mlango alioubamiza asubuhi.

Mlango wa godauni ukagongwa. Dokta Raza alikwenda kufungua kwa hasira, maana kwenye mlango ule paliandikwa kwa herufi kubwa USIGONGE. Akarudi ana Bi Hamisa nyuma yake, buibui limejaa vumbi la saruji, amemshika mkono kama mtu anayevushwa barabara.

“Maalim Twaha kaja saa nne na baiskeli yake,” alisema Bi Hamisa bila salamu, jambo ambalo Naima hakuwahi kulisikia kutoka kwake. “Kaniletea kombe. La rangi ya zafarani. Nikajua kumbe uliyosema ni kweli, nikapanda bodaboda, tukalitafuta godauni mpaka sasa.”

“Shangazi, nilikosa…”

“Subiri nimalize. Nimekuibia, mwanangu. Asubuhi uliponiuliza kama nimebakiza, nikaona haya. Kombe ni la aliyeandikiwa, mie nikajiwekea kidogo kabla sijatia maji. Kwa macho yangu. Nimeogopa kukwambia nimekula bahati ya mtoto.”

Akafungua fundo la kanga. Akatoa kichupa cha plastiki cha dawa ya macho, chenye ncha ya kudondoshea, akamwekea Naima kiganjani.

“Nilikiosha kwa maji ya moto. Sijatia hata tone, nilisubiri iswaliwe Ijumaa kwanza.”

Naima alikiinua kichupa kwenye taa. Ndani yake mlikuwa na zambarau nzito, safi, haijaguswa na waridi, kiasi cha kijiko cha chai. Kisanduku cha kioo kilihitaji robo ya hiyo. Kama angeweza kupiga kelele bila kutikisa meza angepiga. Alichofanya ni kumkamata shangazi yake mashavu, akambusu paji la uso, halafu akakimbilia meza, na mikono ambayo Ijumaa iliyopita ilivunja kioo safari hii ilikuwa imara kabisa.

Dokta Raza alimkalisha Bi Hamisa kwenye kigoda, akamwomba asisogee. Kipimo kingechukua dakika kumi na nne. Saa yake ilisema saba na kumi na tisa.

“Na hao wenye magari wakitoka msikitini, inakuwaje?” aliuliza Bi Hamisa.

“Tunakwisha, mama.”

“Wanatokaga saa ngapi?”

“Wakati wowote.”

Naima hakuwa anasikiliza. Kioo kilikuwa kimeanza kusogea. Nukta za kwanza zilikuwa bapa, na zilitakiwa ziwe bapa, maana mmweko wa pili ulikuwa bado unafika kabla ya wa kwanza. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Kisha nukta ya ishirini na moja ikaruka juu. Ya ishirini na mbili ikaruka juu zaidi. Naima alishika ukingo wa kiti. Nukta zilipanda ukutani, hazikuruka kama bisi, zilipanda kwa nidhamu, moja juu ya mwenzake, na Dokta Raza aliyekuwa nyuma yake alianza kusoma kitu kwa Kigujarati kwa sauti ya chini.

“Sasa zishuke,” Naima alinong'ona. “Shukeni.”

Zikaanza kushuka. Na hapo hapo, nje, injini ya lori ikawaka.

Nukta tatu zikaruka hovyo. Naima akafumba macho. Alijua yanayofuata: la kwanza likiwaka mengine hayachelewi, dakika mbili barabara nzima inanguruma. Akasubiri. Injini ikanguruma, ikakohoa, ikazimwa.

Alifumbua macho. Nukta zilikuwa zimetulia tena, zinashuka. Hakuelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa. Akakirudisha kioo hatua tatu, akavipima upya vipande vilivyoharibika, akaendelea. Nje mtu alipiga honi, mbali, mara moja, kisha kimya. Sitini. Sabini. Mstari ulishuka ukalala taratibu, na kwenye skrini pakabaki mlima mmoja mwembamba wenye mteremko mzuri, usio na doa.

Kompyuta ilihesabu mteremko, ikaandika jibu. Kipande kimoja na nusu cha milioni ya milioni ya sekunde.

Dokta Raza alikaa chini sakafuni. Naima alisimama, akakaa, akasimama tena. Ulikuwa pale. Uzi wa maji mekundu ya Kunduchi ulikuwa umejipinda mbele yake, na yeye alikuwa ameona. Aligeuka kumwambia shangazi yake. Kigoda kilikuwa kitupu.

Akatoka mbio juani. Malori saba yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, yamezimwa yote, na mbele ya la kwanza kabisa, mkono mmoja juu ya bampa, alisimama Bi Hamisa. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, alikuwa ameshuka na kusimama mbele yake kwa adabu, funguo mkononi. Nyuma yake madereva wengine sita walisubiri zamu.

“Na mama yako hajambo?” Bi Hamisa alikuwa anauliza.

“Hajambo, mama, anakusalimu.”

“Alhamdulillah. Na wadogo zako? Ulisema wangapi? Hebu nitajie mmoja mmoja, ili niwaombee dua.”

Huwezi kumpita mama wa makamo yale aliyekuitikia marahaba na bado anaendelea kukujulia hali. Hakuna dereva Mswahili aliyezaliwa na mama awezaye. Bi Hamisa alikuwa amemsimamisha mtu dakika kumi na moja kwa salamu tupu, na alikuwa bado hajafika kwa wajomba.

“Shangazi,” Naima alisema. “Tumemaliza.”

“Umepata?”

“Nimepata.”

“Basi, Mbwana, nenda mwanangu, Mungu akutangulie,” Bi Hamisa akamwambia dereva. Kisha akamgeukia Naima, kwa sauti ya kawaida kabisa: “Mama yake ni mtu wa Mbwamaji. Tumecheza ngoma moja.”

Naima alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, malori yakiwaka moja baada ya jingine, akamshika shangazi yake mkono akaubusu. Alisema samahani kwa ya asubuhi. Alisema mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ilimezwa na injini. Bi Hamisa alimwambia anyanyuke anachafua gauni, na kwamba radhi alishampa tangu mlangoni, hata kama hakuisubiri.

Saa tisa mama mmoja wa Ulaya alionekana kwenye skrini, akautazama mstari kwa muda mrefu, akauliza ule utulivu wameupataje, wamenunua meza mpya? Dokta Raza akajibu kwamba hapana, wana mtaalamu wa salamu. Yule mama hakuelewa, lakini alicheka, na kabla hajaaga alisema Jumatatu hatakuja mtu, leza ibaki kwa miaka mitatu mingine. Naima alilisikia neno hilo, akahisi mwili wote umekuwa mwepesi. Dokta Raza akaenda kutandika mswala wake haraka, kabla adhuhuri haijampita.

Bi Hamisa alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao, ndilo lililokuwa na urefu wa kumfaa. Naima akasogeza skrini mpaka mbele yake.

“Tazama, shangazi. Huu ndio mstari wenyewe.”

Bi Hamisa akageuza uso, akatabasamu. “Mzuri,” alisema. “Umenyooka.”

Mstari haukuwa umenyooka. Na uso wa Bi Hamisa ulikuwa umeelekea pembeni kidogo, kwenye ukuta. Naima alimtazama. Akakumbuka alivyoingia ameshikwa mkono. Akakumbuka maneno aliyoyasikia saa saba bila kuyasikiliza: kwa macho yangu.

“Shangazi, macho yana nini?”

“Mwanga naona, na rangi kwa mbali. Watu naona kwa sauti. Mistari siioni, toka mfungo wa mwaka jana.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekwambia ungeacha kazi ukashinda na mie hospitali. Nilitaka umalize kwanza. Nikasema nikipata matone mawili matatu ya kombe lako, pengine siku ya joho nitakuona.”

Naima alikuwa na aibu, na mapenzi makubwa kuliko aibu. Mwaka mzima alikuwa ametafuta jinsi ya kuona kitu kidogo kuliko vyote duniani, na kila jioni alipita sebuleni mbele ya macho yale. Akavuta kiti, akamshika shangazi yake kidevu kwa upole, akayatazama macho kwa karibu kama alivyozoea kutazama vioo vyake. Kwenye mboni palikuwa na ukungu mweupe.

“Huyu ni mtoto wa jicho,” alisema. “Anatolewa, shangazi. Jumatatu tunakwenda mie na wewe. Nyuma ya huo ukungu macho yako bado yanao uzi ule ule, na bado unajipinda kila mwanga ukiugusa. Umezibiwa pazia tu.”

“Uzi upi?”

Naima alichukua mkono wa Bi Hamisa, akachagua kidole cha shahada, akakiweka kwenye kioo cha skrini, mwanzo wa mstari.

“Hapa mwanga haujafika. Kimya tupu.” Akakiburuza kidole taratibu. “Hapa unagonga.” Kidole kikapanda juu, juu, mpaka kileleni. “Na hapa ndipo unapojipinda.” Kikateremka mteremko wote mpaka chini, kikatulia.

Bi Hamisa alikuwa amefumba macho ili ahisi vizuri. Kidole chake kilibaki pale mwishoni kwa muda.

“Umenipitisha mbio,” alisema. “Nirudishe pale mwanga ulipogonga, halafu uje polepole.”